Kusoma na kupokea alamu kwenye kontrola ya mashine ya kukaushia chai

Honi ikilia usiku kiwandani, iwe Mufindi au Rungwe, mkono hukimbilia kitufe cha kunyamazisha. Nyamazisha, hakuna ubaya. Ila kunyamazisha si kupokea. Ukibonyeza ACK, yaani kitufe cha kupokea, kontrola inaandika kwamba mtu wa zamu ameiona alamu saa hiyo. Haishushi joto hata nyuzi moja.

Tazama kwanza maandishi. Yakimetameta, alamu ipo na haijapokelewa. Yakitulia, ipo na imepokelewa. Wageni huchanganywa na hali ya tatu: hitilafu imekwisha yenyewe, lakini maandishi bado yanametameta. Kontrola imeishikilia makusudi, mjue kuna kitu kilipita. Andika muda wake kabla ya kubonyeza.

Fungua ukurasa wa alamu. Orodha nyingi huweka mpya juu, kwa hiyo shuka hadi chini:

02:15:31 joto la hewa inayotoka, chini
02:14:12 shinikizo la hewa, chini
02:14:09 feni kuu imezimika

Anayeanzia juu atafungua zaidi valvu ya mvuke, kumbe hewa yenyewe haipiti. Feni ndiyo chanzo, hizo mbili ni watoto wake. Basi pokea moja moja ukianza na ya zamani: soma jina la kifaa, kiwango kilichofikiwa na kikomo chake, andika kwenye daftari la zamu, ndipo ubonyeze ACK. Kitufe cha kupokea zote kwa mpigo kiache, labda baada ya umeme kukatika na kurudi, na hapo pia piga picha ya skrini kwanza.

Joto la kweli hupanda polepole. Namba ikiruka ghafla hadi mwisho wa kipimo, shuku waya wa sensa umekatika. Simamisha mashine, zima umeme wa kontrola, fungua waya za sensa, pima kwa mita. Pt100, sensa ya joto ambayo ukinzani wake wa umeme hupanda joto likipanda, ikiwa nzima husoma omu 100 kwenye nyuzi 0 na omu 138.5 kwenye nyuzi 100. Hapa kuna mtego wa nyanda za juu: kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi maji huchemka karibu na nyuzi 94, kwa hiyo ukiijaribu sensa ndani ya sufuria ya maji yanayotokota itasoma kama omu 136.2. Usiitupe, ni nzima.

Alamu inayowaka na kuzima kila dakika ni kero nyingine. Kikomo kiko 130, joto linacheza kati ya 129.8 na 130.2. Dawa si kupandisha kikomo. Weka pengo la nyuzi 2, iwake 130 na izime 128, pamoja na ucheleweshaji wa sekunde 5 hadi 10. Mabadiliko hayo ayaidhinishe mhandisi, si opareta peke yake.

Feni ikigoma kuwaka hata baada ya ACK, kagua ovalodi (kinga inayokata umeme mota ikizidiwa) kwenye paneli ya stata, yaani ya kuwashia mota. Iache ipoe, tafuta kilichoifanya ikatike (beringi ngumu, mkanda uliokaza mno, fezi moja kukosekana), kisha bonyeza RESET. Ikikatika tena, usiirudishe mara ya tatu. Mwite fundi umeme.