Kabla ya kumkabidhi wakala fedha za bahari

Kwa miaka kadhaa nimeandaa maombi ya ruzuku za bahari za Umoja wa Ulaya, na mikabidhiano ya fedha hizi nimeiona kutoka upande wa anayesubiri jibu. Ningeketi na mtu anayeandika uamuzi wa Tume ya Ulaya wa kukabidhi kazi kwa wakala wa utekelezaji, yaani chombo ambacho Tume hukiunda kiendeshe sehemu ya programu zake, ningemwambia haya.

Tenga mafungu kwanza. Mfuko wa bahari, uvuvi na ufugaji wa viumbe vya majini wa 2021–2027 una euro bilioni 6.108. Bilioni 5.311 husimamiwa kwa pamoja na nchi wanachama, kwa hiyo hizo ziache zilipo. Unachoweza kukabidhi kinatoka kwenye milioni 797 ambazo Tume huzisimamia moja kwa moja. Liseme hili waziwazi, maana nimekutana na wavuvi walioandikia Brussels kuhusu injini ya boti wakati faili lao lilikuwa kwa mamlaka ya nchi yao.

Sasa pitia kazi moja moja. Kanuni namba 58/2003, sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu mawakala hawa, inakataza kumpa wakala kazi inayodai hiari ya kugeuza uchaguzi wa kisiasa kuwa vitendo. Kuamua kwamba takwimu za sakafu ya bahari zipewe kipaumbele ni kazi ya Tume. Kutangaza wito wa maombi, kuyapima, kusaini mkataba, kulipa na kukagua kunaweza kwenda kwa wakala. Ukikuta neno “kuchagua”, simama ujiulize: anachagua mradi, au anachagua mwelekeo?

Uchambuzi wa gharama na faida ni wa lazima, na hapa usiharakishe. Wengi huhesabu mishahara tu. Kanuni inataka pia upime gharama za uratibu na udhibiti, ukaribu na wanaopokea fedha, na kama Tume itabaki na ujuzi wa kutosha ndani yake. Hilo la mwisho ndilo ninalolipigania. Swali letu moja kuhusu zana za uvuvi lilizunguka miezi miwili kati ya ofisi mbili: moja ilijua fomu, nyingine ilijua bahari, na hakuna aliyekuwa na jukumu la kuziunganisha. Msimu wa majaribio ukapita. Andika kwenye hati nani anajibu maswali ya kitaalamu, na kwa siku ngapi.

Mengine kanuni imeshayapanga: kamati ya uendeshaji ya watu watano, mkurugenzi anayeteuliwa na Tume kwa miaka minne, makao pale Tume ilipo, Brussels au Luxembourg.

Halafu kuna mikataba iliyo hai. Tarehe 1 Aprili 2021 kazi za mfuko huu zilitoka kwa EASME, wakala wa biashara ndogo na za kati, zikaenda kwa CINEA, wakala wa tabianchi, miundombinu na mazingira, huku miradi ikiendelea. Orodhesha kila mkataba, malipo yanayodaiwa na ripoti inayosubiriwa, kisha umwandikie kila mnufaika kabla ya siku ya kuhama, ukimtajia ofisa atakayelishika faili lake.