Asilimia 95 ni ya njia, si ya jibu lako moja

Umehoji watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, asilimia 52 wakasema ndiyo. Ukipiga hesabu, masafa ya uhakika ya asilimia 95 (confidence interval), yaani kikomo cha chini na cha juu cha makadirio yako, yanatoka takriban asilimia 49 hadi 55. Tafadhali usiandike kwamba "kuna uwezekano wa asilimia 95 kuwa ukweli umo humo." Ukweli, yaani asilimia halisi ya watu wote wanaosema ndiyo, haurukiruki: ama umo, ama haumo. Kinachobadilika ni sampuli, yaani kundi la watu uliowahoji. Mwanatakwimu Jerzy Neyman, aliyeieleza dhana hii mwaka 1937, alizungumzia njia yenyewe: ukirudia uchunguzi uleule mara nyingi, kila mara kwa sampuli mpya, takriban masafa 95 katika kila 100 yatalinasa jibu la kweli. Mimi hulifikiria kama kurusha pete kwenye kigingi. Kigingi kimesimama palepale. Pete ndizo zinazoangukia huku na huko, na wewe umerusha moja tu.

Ukitaka masafa yapungue nusu, kuongeza watu mara mbili hakutoshi. Unahitaji mara nne, yaani 4,000. Na kama uliwachagua kwa upendeleo, hata hao hawatakuokoa: utapata masafa membamba yaliyokaa mahali pasipo sahihi.