Jinsi ya kugeuza mawe ya Mwanza kuwa nchi ya pimbi (kwa mnaoandika riwaya za wanyama)

Wengi tunaanza na "hapo zamani palikuwa na msitu mkubwa" halafu msitu wenyewe hauna hata mti mmoja wenye jina. Mi nilikwama hapo mwaka mzima. Kilichonitoa ni kujua kwamba Watership Down, kwenye ile riwaya ya sungura ya Richard Adams ya 1972, ni kilima cha kweli kabisa, kipo Hampshire, Uingereza, watu wanakipanda kwa miguu. Nikasema aah, sasa na mawe yote haya ya Mwanza mi nahangaika nini?

1. Chagua mnyama anayeishi hapo kweli. Nilianza na simba nikamtoa. Pimbi wapo Saanane, kile kisiwa cha Ziwa Victoria hapo Mwanza, boti kutoka mtaa wa Capri Point ni dakika chache tu.

2. Wahi asubuhi, kaa kimya. Pimbi haanzi siku bila kuota jua, maana mwili wake joto haulimudu vizuri. Hapo nikapata sheria ya nchi: hakuna vita kabla jua halijagusa jiwe.

3. Inama. Hii watu wanaona aibu ila ndo yenyewe. Mara ya kwanza nilipiga picha nimesimama, nafika home nazicheki, zote za mtalii. Safari ya pili simu nikaiweka usawa wa kiatu na ule ufa niliokuwa nauruka bila hata kuuona ukawa korongo, yule mjusi wa kichwa chekundu mwili wa bluu naye kakaa juu yake kama askari wa geti, yani chapta ya tatu ilijiandika yenyewe.

4. Chora ramani. Tafuta michirizi myeupe kwenye majabali, ni mikojo ya pimbi iliyokauka, wanarudi kukojoa palepale miaka na miaka. Kwangu ndo mipaka ya koo (ndio, mipaka ya mikojo, cheka tu).

5. Historia ifiche. Saanane ilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964, ikawa hifadhi ya taifa 2013. Miaka hiyo siitaji, ila bibi pimbi anawasimulia wajukuu enzi za mabanda, sauti kubwa zikilia ndani ya chuma, na wajukuu wanaona bibi kazeeka.

6. Badili majina. Pimbi hamjui Bismarck. Lile jiwe la ziwani Mwanza tunaloliita Bismarck Rock, wao wanaliita Kesho, maana kila wakilitazama wanaona kesho linaanguka.