Kupamba bustani ndogo ya vibwengo kwenye beseni, bila kuigeuza duka la midoli

Niseme mapema, mama mkwe aliposikia namtengenezea binti yangu bustani ya vibwengo, yaani kijibustani chenye vinyumba vya wale viumbe vidogo vya hadithi, hapo kibarazani kwetu Bweyogerere, karibu na Kampala, alitaka tuitiwe shehe, kwa hiyo kama unakaa na wazee waambie tu ni kijiji kidogo cha kuchezea watoto, maneno yaishe.

Mara ya kwanza nilikimbilia mapambo. Nikanunua vinyumba, uyoga wa plastiki, sungura, vibwengo wenyewe, nikapanga vyote kwenye beseni la upana wa sentimita 40, ikawa kama meza ya mchuuzi wa soko la Owino siku ya Jumamosi. Sungura alikuwa mrefu kuliko mlango wa nyumba! Mtoto ana miaka sita akaniuliza, baba, huyu anaingiaje? Sikuwa na jibu.

Shida ilikuwa vipimo. Wanaotengeneza nyumba za wanasesere wanatumia sana moja kwa 12, yaani kitu halisi unakigawa kwa 12, mtu wa sentimita 180 anakuwa 15 na mlango wa mita mbili unakuwa kama 17. Kwenye beseni hiyo ni kubwa mno, nyumba moja inamaliza kiwanja chote. Mimi natumia moja kwa 24, mtu sentimita 7 na nusu, mlango kama 8. Nilikata kijiti cha mshikaki kwa urefu huo wa mtu nikakitia mfukoni, na sokoni kitu chochote nakisimamisha kando ya kijiti kabla sijalipa, kama kiti kinamfika kifuani nakirudisha hata kiwe kizuri namna gani. Wauzaji wananicheka, wacheke.

Udongo nitapita haraka. Beseni litoboe chini matundu matano sita. Kuna wanaosema jaza kokoto chini ili maji yapite, usihangaike, maji yanakwama palepale udongo unapokutana na kokoto na wewe umepoteza kina bure; bora uchanganye mchanga mwingi wa chenga kubwa ndani ya udongo wenyewe. Mimea chagua ya tabia moja. Ile yenye majani manene inayohifadhi maji inataka jua na udongo ukauke kati ya siku za kumwagilia, ile ya kijani inayoota kama zulia kwenye ukuta wenye unyevu inataka kivuli na maji, ukiiweka pamoja mmoja lazima afe. Majani yawe madogo sana, sababu jani kubwa linaua udanganyifu wote.

Sasa mapambo, hapa ndo kuna raha. Anza na nyumba, iweke nyuma kidogo na pembeni, sio katikati. Ile ya plastiki nilimpa mtoto wa jirani nikatengeneza ya kwetu, kopo la nyanya nimelipaka udongo wa mfinyanzi uliochanganywa na gundi, juu nikafunga nyasi kavu kwa uzi, tabaka kwa tabaka kuanzia chini kwenda juu ili la juu lifunike mafundo ya la chini, halafu nikaacha nyasi zishuke karibu na ardhi kama paa la makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi. Chini ya nyumba weka jiwe bapa au kipande cha kigae, la sivyo mvua mbili tu imeinama kama mlevi.

Njia ya kwenda mlangoni ipindishe. Mimi nimesaga tofali nyekundu, ianze upana wa vidole vitatu mbele na imalizike upana wa kidole kimoja mlangoni, jicho linadanganyika linaona mbali. Hivyohivyo na mawe, makubwa mbele, madogo nyuma.

Vitu vidogovidogo usinunue kabla hujaangalia ulichonacho nyumbani. Kizibo cha soda juu ya kigogo ni meza. Kipande cha lubugo, ile nguo ya magome ya mutuba, kinakuwa mkeka mzuri kuliko kitambaa chochote, ila kikae ndani ya nyumba kisilowe. Nyuzi kavu za mgomba zinasukwa kamba ya kuanikia nguo. Boda ya waya watoto wa mtaani kwetu wanakutengenezea ukiwaonyesha kijiti cha kipimo. Nimeweka pia kibanda cha rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, chapati zenyewe ni vipande vya kadibodi nimechoma kingo na kiberiti, na hicho kibanda ndo kila mgeni anainama kukiangalia, hao vibwengo wenyewe hawaoni.

Ziwa usiweke maji ya kweli. Maji yaliyotulia kibarazani ni kualika mbu, na malaria tunaijua. Kioo kilichovunjika kisugue kingo kwa msasa zisikate, kilaze, funika pembeni kwa mchanga, kinaakisi mpaka mawingu.

Kama beseni linanyeshewa, Machi mpaka Mei na tena Septemba mpaka Novemba zitakufundisha adabu. Ile gundi nyeupe ya shuleni inayeyuka, tumia silikoni. Vijiti vya mbao vipake vanishi mara mbili na usivichomeke moja kwa moja kwenye udongo, mchwa walinilia uzio mzima, nilibaki na vanishi tu imesimama. Siku hizi kila kitu cha kusimama nakigundisha waya mnene chini, waya ndo unazama ardhini.

Kabla hujagundisha chochote kiache siku moja hivyohivyo, halafu shusha simu mpaka usawa wa kijiti, piga picha. Kwenye picha utaona kilichozidi, toa. Mimi nilitoa nusu, theluthi nzima ya beseni iko wazi, udongo na majani tu, na ndo sasa inaonekana kijiji.

Taa ukitaka chukua zile nyuzi za sola. Zile za betri bapa kama sarafu achana nazo kama kuna mtoto mdogo, akimeza inamuunguza koo ndani ya masaa machache, hiyo ni ya kukimbilia hospitali sio kusubiri kesho.

Vibwengo waweke mwisho, mmoja nyuma ya jani, mwingine mlangoni, watatu wanatosha, na hao usiwagundishe. Binti yangu anawahamisha kila asubuhi kabla ya shule, juzi nimewakuta wote watatu wamepanda boda moja na sungura wamempakata.