Kabla hujataja jina la ndege: hesabu ya mahitaji ya misheni (kazi ya kijeshi)

Wiki jana mpwa wangu alinijia hapa Lamu kutoka Malindi na kazi yake ya chuo, kaandika kurasa kumi na mbili kuhusu ndege gani ya kivita nchi ndogo ya pwani inunue, na ukurasa wa kwanza tu keshataja F-16. Nikamwambia mwanangu, umeanzia mwisho. Nilikaa miaka mingi kwenye dawati la mipango ya anga kabla ya kustaafu na kosa hili nimeliona hata kwa watu wenye vyeo vikubwa. Tukakaa barazani tukaanza upya, karatasi na kalamu, laptopu imefungwa.

Hatua ya 1: andika kazi

Ukienda Matondoni kwa fundi kutaka jahazi, atakuuliza wapakia nini, wapita maji ya kina gani, wasafiri na kusi au kaskazi. Fanya vivyo hivyo. Sentensi moja, isiyo na jina la ndege: nini kizuiwe, wapi, ndani ya dakika ngapi, mchana tu au na usiku. Yetu ilitoka hivi: "Chombo chochote cha kushukiwa kati ya Lamu na Kiunga kionekane, kitambulike na kifikiwe ndani ya dakika 30, saa yoyote."

Usiharakishe hapa. Wamarekani walijiaminisha kwamba vita vya angani vitamalizwa na makombora ya mbali, wakatoa ndege za kivita F-4 Phantom za mwanzo bila mzinga wa ndani, yaani bunduki kubwa iliyojengwa mwilini mwa ndege. Kufika Vietnam marubani mara nyingi walitakiwa wamuone adui kwa macho kabla ya kupiga, wakajikuta wako karibu mno na MiG, ndege za kivita za adui. Mzinga ukaja kuwekwa ndani kwenye toleo la baadaye, F-4E.

Hatua ya 2: vunja kazi vipande

Kutafuta, kutambua, kufuatilia, kuamua, kupiga, kuhakikisha. Kila kipande uliza nani hukifanya leo na kinakwama wapi. Basi.

Hatua ya 3: ndege ngapi

Hapa ndo pana kazi. Mara ya kwanza palinila siku mbili nzima na jibu nikalikosa, manake nilihesabu muda wa hewani peke yake nikasahau kwamba ndege ikitua inakaa chini. Chukua mfano, namba ni za mazoezi tu, si za jeshi lolote. Wataka ndege mbili ziwe juu ya eneo muda wote. Kwenda dakika 40, kurudi 40, mafuta yaruhusu kukaa juu ya eneo dakika 90, na ikitua mafundi wataka dakika 120 kuikagua na kuiandaa. Mzunguko mzima ni 290. Gawanya kwa zile 90 tu, wapata 3.2, yaani ndege za kuweka moja juu muda wote. Zidisha mara mbili, 6.4, na ndege haikatwi vipande kwa hivyo 7. Wengi husimama hapa, usisimame! Hakuna siku ndege zote ni nzima, moja iko kwenye ukaguzi mkubwa, nyingine yangoja spea iliyokwama bandarini. Tuseme asilimia 60 ndo zaweza kuruka: 7 gawa kwa 0.6 ni 11.7, yaani ndege 12 ili mbili ziwe angani. Mpwa wangu alikuwa kaandika nne.

Hiyo asilimia usiichukue kwa muuzaji, tafadhali. Waulize wanaoirusha tayari kwenye joto na hewa ya chumvi kama yetu, chumvi yala chuma. Hali ya hewa nayo usichukue wastani wa mwaka, piga hesabu ya mwezi mbaya kabisa, kwetu masika na mwanzo wa kusi. Na marubani wahesabu kando, ndege yaweza kurudi juu baada ya saa mbili lakini binadamu lazima alale, mara nyingi watu huisha kabla ya ndege.

Hatua ya 4: jaribu kutonunua

Wamarekani wana kifupisho DOTMLPF, cha mambo ya kuangalia tatizo lipate kutatuliwa wapi: mafundisho ya kivita, muundo, mafunzo, vifaa, uongozi, watu, majengo na viwanja. Vifaa ni herufi moja kati ya saba. Tukajaribu ndege zilezile ila kituo kisogee, kwenda iwe dakika 15 na kurudi 15. Dakika 50 zilizookolewa zahamia juu ya eneo, zawa 140. Mzunguko ni uleule 290, lakini ukigawanya kwa 140 wapata 2.07, mara mbili 4.1, kwa hivyo 5, gawa kwa 0.6, ndege 9. Tatu zimetoka kwenye bili kwa sababu ya lami na matangi ya mafuta! Ila kituo cha mbele chataka ulinzi, na sisi Lamu hatuhitaji kuhadithiwa: tarehe 5 Januari 2020 al-Shabaab walivamia uwanja wa Manda Bay, Wamarekani watatu wakafa na ndege zikaharibiwa. Gharama ya walinzi iandike humohumo.

Hatua ya 5: linganisha

Sasa ndo fungua laptopu, Excel yatosha, slaidi sizitaki manake zaficha hesabu. Weka njia tatu au zaidi, mojawapo iwe kubaki kama tulivyo. Gharama iwe ya miaka yote ya matumizi: mafuta, spea, mafunzo. Kwa sentensi yetu, ndege ya doria ya propela inayokaa angani saa nyingi, ikisaidiwa na boti zilizokaa tayari Kiunga, iliishinda jeti kwenye kila safu isipokuwa mwendo, na kwa dakika 30 mwendo ule haukuhitajika. Kila namba uliyoikisia ipake rangi ya njano, halafu ibadilishe kidogo uone kama mshindi yuko palepale. Yetu ya kwanza kupakwa ilikuwa ile 60.