Kuchagua Mnyama Mdogo wa Kuchunguzia Virusi vya Njia ya Hewa

Kabla ya kuomba kibali cha kamati ya maadili, acha swali la utafiti likuchagulie mnyama. Panya wa maabara ni rahisi kutunza, lakini kirusi cha awali cha UVIKO-19 hakikuweza kushikamana vyema na kipokezi cha panya huyo (protini ya juu ya seli ambayo kirusi hushika ili kuingia), ilhali hamsta, mnyama mdogo anayefanana na panya, huambukizwa kwa urahisi. Kwa mafua, fereti, mnyama mdogo mla nyama wa jamii ya kicheche, hana mpinzani: hupata homa na kupiga chafya kama binadamu, na kupitia kwake kirusi cha mafua ya binadamu kilitambuliwa London mwaka 1933.

Mpime kila mnyama uzito kila siku, saa ileile, huku ukitazama dalili za ugonjwa kama manyoya yaliyosimama na mgongo uliopinda. Kabla ya kuanza, andika kiwango cha kupungua uzito ambacho kikifikiwa, mnyama atauawa kwa njia isiyo na maumivu ili kumhitimishia mateso, bila kusubiri. Huruma hiyo ni wajibu.