Namna ya kuhakiki habari za lishe na mazoezi ya wanaume kabla hujazifuata

Kijana mmoja ninayemfundisha kunyanyua vyuma hapa Sinza alinijia jioni moja hajabadili hata nguo. Mkono mmoja kashika majibu ya damu, neno kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, limezungushiwa kalamu nyekundu. Mkono wa pili kashika simu, na humo video ya dakika moja inasema kreatini, ule unga wa wanyanyua vyuma, inaua figo. Kopo lake la kreatini alikuwa ameshalitupa. Hofu niliyoiona usoni mwake ndiyo iliyonifanya niandike njia hii, na mfano wake nitautumia mpaka mwisho.

Hatua ya 1: Geuza dai liwe swali

"Kreatini ni mbaya" haina jibu. Uliza hivi: je, gramu 3 hadi 5 za kreatini kwa siku zinaharibu figo za mwanamume mzima asiye na ugonjwa wa figo? Nani, kiasi gani, madhara gani. Andika swali hilo kwenye simu yako kabla hujatafuta chochote. Dai lisilokubali kugeuzwa hivyo, kama "chakula hiki kinasafisha mwili", liache lilivyo na uendelee na mambo yako.

Hatua ya 2: Angalia msemaji anauza nini

Pitia ukurasa wake wote. Je, kuna namba ya kuagizia unga, kozi, vidonge? Mmarekani Brian Johnson, aliyejiita Liver King, alipata mamilioni ya wafuasi kwa kudai kwamba mwili wake umejengwa na maini mabichi na maisha ya watu wa kale, huku akiuza vidonge vya viungo vya wanyama vilivyokaushwa. Desemba 2022, baada ya barua pepe zake kuvuja, alikiri kuwa anatumia steroidi, dawa za kukuza misuli. Vijana wangapi walijiona wavivu kwa sababu yake! Ukiuona mwili uliojengeka, umeuona mwili tu; umejengwa na nini, hujaonyeshwa.

Akijiita mtaalamu wa lishe, muulize amesajiliwa wapi. Kwa Kenya, chombo kinachosajili wataalamu hao ni KNDI.

Hatua ya 3: Anza na wasiokuuzia kitu

Kwa mambo ya msingi, nenda Shirika la Afya Duniani, Wizara ya Afya, au Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Hapo utakuta, kwa mfano, kwamba mtu mzima anahitaji dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku 2. Kwa vidonge na unga, ninayoifungua kwanza ni tovuti ya NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani. Andika kwenye kisanduku cha kutafutia: creatine site:nih.gov. Majibu yote yatatoka huko.

Kurasa nyingi ni za Kiingereza. Tumia programu ya kutafsiri, lakini vipimo visome mwenyewe kwenye maandishi ya asili. Vitamini D inayopendekezwa kwa mtu mzima wa hadi miaka 70 ni mikrogramu 15 kwa siku. Ukisoma miligramu, umezidisha mara 1,000.

Hatua ya 4: Soma utafiti wenyewe, taratibu

PubMed, tovuti ya kutafutia tafiti za afya, ni bure. Andika "creatine kidney function", kisha upande wa kushoto weka tiki kwenye Systematic Review na Meta-Analysis. Hizo ni kazi zilizokusanya tafiti nyingi pamoja, kwa hiyo utafiti mmoja wa watu wachache hautakuyumbisha. Soma muhtasari, halafu tafuta sehemu inayotaja maslahi ya waandishi: nani kalipia?

Mfano wa protini utakusaidia kuona faida yake. Mwaka 2018 Robert Morton na wenzake walichambua tafiti 49 zenye washiriki 1,863, wakaona kwamba kwa wanaonyanyua vyuma, protini inayozidi takribani gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku haikuongeza misuli zaidi. Una kilo 70? Ni gramu 112. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama gramu 15, yai moja kama gramu 6. Ongeza dagaa, maziwa au samaki, na wengi wenu hamtahitaji kopo la bei mbaya. Yule anayekuambia ule gramu 300, mwambie akuonyeshe utafiti.

Hatua ya 5: "Nguvu za kiume" zipe uangalifu maradufu

Hapa nawasihi kabisa. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, imekuwa ikitoa maonyo kuhusu bidhaa zinazotangazwa kuwa ni za asili, kumbe ndani zina sildenafil au tadalafil, dawa za hospitali za nguvu za kiume, bila kuandikwa kwenye lebo. Mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za nitrati akizimeza, shinikizo lake la damu linaweza kushuka ghafla mpaka kuhatarisha maisha. Bidhaa ambayo lebo yake haitaji kiasi cha kila kilichomo, usiimeze. Kupungukiwa nguvu za kiume mara nyingine ni dalili ya kisukari au presha, kwa hiyo nenda ukapimwe.

Hatua ya 6: Peleka ulichokipata kwa daktari

Tulikaa na yule kijana kwenye benchi tukafuata hatua hizi. Kreatini mwilini hugeuka kuwa kreatinini, na ndiyo inayopimwa kukadiria kazi ya figo. Anayeitumia, au mwenye misuli mingi, kipimo kinaweza kupanda ilhali figo ni nzima. Lakini ugonjwa wa figo nao huipandisha, na mimi si daktari. Nilimwandikia kwenye karatasi: "Natumia kreatini gramu 5 kila siku. Nanyanyua vyuma mara 4 kwa wiki. Je, nipimwe sistatini C?" Hicho nacho ni kipimo cha figo, ila hakiyumbishwi na kreatini. Daktari alimtaka akae wiki kadhaa bila kuitumia, kisha arudie vipimo. Majibu ya pili alinitumia kwa WhatsApp akiwa bado kwenye foleni ya kituo cha afya: kreatinini imeshuka, iko ndani ya kiwango.